Mahojiano ya Kazi ya Kikundi: Aliyeketi Kando Yako Si Adui

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wanaotafuta kazi kutoka Kaloleni, Maringo, Jericho, Makongeni na Buruburu. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Ahsanteni mlioacha kibarua cha leo ili mketi hapa. Najua hiyo ni pesa.

Nimeombwa nizungumze juu ya aina moja tu ya mahojiano, yale mnayoitwa wengi kwa pamoja. Nimeketi mara nyingi upande wa wanaotia alama, katika kuajiri watu wa supamaketi, wa hoteli na wa vituo vya kupokea simu za wateja. Ninayoyasema yametoka upande huo.

Kwa kawaida hakuna anayekutangulizia habari. Ujumbe kwenye simu unasema ufike saa mbili asubuhi na vyeti vyako, basi. Ukifika unakuta watu arobaini kwenye benchi. Mnagawanywa wanane wanane, mnabandikwa namba kifuani, mnaingizwa katika chumba chenye viti vilivyopangwa mduara. Watu watatu au wanne wameketi pembeni na karatasi, hawasemi kitu. Mmoja anawapa kadi yenye swali, anawaambia mna dakika 15, kisha ananyamaza. Hapo ndipo kijana aliyekariri majibu yake usiku kucha anapotafuta wa kumjibu na kukosa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu yeye binafsi.

Maduka makubwa hutumia njia hii, vituo vya simu pia, kampuni za mauzo, na hata mashirika ya ndege ya Ghuba yanapotafuta wahudumu. Wengine huitumia kwa sababu mbaya, yaani kuokoa muda. Lakini ina sababu nzuri pia, na ningependa muijue.

Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, jeshi la Uingereza lilihitaji maafisa wengi kwa haraka. Mahojiano ya zamani, ya dakika chache, yaliangalia sana shule uliyosoma na familia uliyotoka, na yalikuwa yakipitisha watu wasiofaa na kuwaacha wanaofaa. Zikaundwa bodi mpya za uteuzi. Waombaji waliwekwa katika kikundi kisichopewa kiongozi, wakapewa kazi ya kufanya pamoja, na wachunguzi wakakaa kando kutazama nani anafanya nini. Hilo ndilo chimbuko la duara mnalokalishwa leo. Kwa hiyo mtu wa Maringo asiye na jina kubwa, ambaye baba yake hajulikani na mkurugenzi yeyote, asiiogope njia hii. Ilianzishwa kwa sababu jina la baba halikuwa likionyesha uwezo wa mtoto.

Sasa, wale wa pembeni wanaandika nini?

Kila mmoja ana watu wawili au watatu wa kutazama. Karatasi yake ina mambo manne au matano: unaeleza vipi, unasikiliza vipi, unaleta wazo lenye kusaidia au la, unafanyaje mkitofautiana, na je, kazi imekwenda mbele kwa sababu ulikuwepo? Kila jambo lina alama zake. Mara nyingi hakuna mahali palipoandikwa kwamba Namba 3 akipata, Namba 4 akose. Kikundi kizima kinaweza kupita, na kikundi kizima kinaweza kurudi nyumbani. Mimi nimeyaona yote mawili.

Hili ndilo jambo nililokuja kulisema, na vijana wengi hawaliamini hata wakiambiwa. Wanaingia mle ndani wakihesabu viti. Tuko wanane, nafasi ni mbili, kwa hiyo lazima niwazime sita. Anamkata mwenzake kauli, anaongea juu ya sauti ya mwenzake, anacheka Kiingereza cha mwenzake. Kumbe aliyeko pembeni ameandika neno moja tu: hasikilizi. Na mwajiri wa supamaketi, wa hoteli, wa hospitali, atamfanya nini mtu asiyesikiliza?

Natoa mfano mmoja, tuupitie polepole, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Kadi inasema hivi: Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Mko zamu katika supamaketi. Mashine mbili kati ya tano za malipo zimeharibika. Foleni imefika kwenye friji za maziwa. Mteja mmoja ana mtoto mchanga anayelia. Mwingine anasema amelipa kwa M-Pesa lakini dukani ujumbe haujaingia, na ameanza kupaza sauti. Meneja yuko njiani. Kubalianeni hatua tatu za kwanza mtakazochukua.

Namba 2 anaruka hapo hapo. Anasema yeye ana uzoefu wa uongozi, anaeleza maana ya huduma bora kwa mteja, anasema mteja ni mfalme. Dakika tatu zimekwisha. Namba 6 anaona asipoingia sasa atasahaulika, naye anaanza juu ya sauti ya Namba 2. Namba 1 anatazama chini. Namba 7 hajafungua mdomo.

Namba 5 anasema, "Tumebakiza dakika 12 na tunatakiwa hatua tatu. Tuanze na foleni, au na yule anayepaza sauti?" Sentensi mbili tu. Hajatoa jibu lolote, lakini chumba kimetulia kwa sababu sasa kuna swali moja mezani badala ya hotuba mbili.

Namba 4 naye anasema, "Namba 7, ulipojitambulisha ulisema umewahi kukaa kwenye keshia. Ujumbe wa malipo ukichelewa, huwa mnafanyaje?" Namba 7 anainua kichwa. Anasema huwa wanamwomba mteja asogee kando kidogo na simu yake ili foleni isisimame, wanasoma namba ya malipo kwenye ujumbe wake, wanailinganisha na rekodi ya duka, na hawamwachii mzigo wala hawamwiti mwongo mpaka iwe imehakikishwa. Amesema kwa Kiswahili cha kawaida, sauti ndogo. Lakini sasa kikundi kina hatua ya kwanza, tena ya mtu aliyewahi kuifanya.

Nani amepata alama? Namba 7, kwa kujua kazi. Namba 5, kwa kuipa kazi mwelekeo. Namba 4 pia, kwa sababu alikuwa akisikiliza tangu wakati wa kujitambulisha, wakati wengine walikuwa wakirudia majina yao kimoyomoyo. Angalieni kwamba swali lake lilimsaidia Namba 7 bila kumpunguzia yeye chochote.

Namba 2 bado hajapotea. Akisema dakika ya tisa, "Nimesikia alivyoeleza Namba 7, ni bora kuliko nilivyosema mimi. Tuiandike hiyo. Hatua ya pili, mmoja wetu aende nyuma ya foleni amtoe mama mwenye mtoto," atakuwa amerudi ndani. Mimi binafsi humpa alama nzuri mtu anayeweza kuliacha wazo lake mbele ya watu. Si jambo rahisi, na dukani litahitajika kila siku.

Namba 1 ndiye anayenihuzunisha. Huenda alikuwa na wazo zuri kuliko yote. Lakini karatasi yake ni nyeupe, na mimi siwezi kutia alama kwenye kitu kilichobaki kichwani. Ikiwa wewe ni mpole kwa asili, usijilazimishe kuwa msemaji wa mkutano wa hadhara. Jiwekee lengo dogo: niseme mara tatu. Mara ya kwanza iwe ndani ya dakika tatu za mwanzo, hata kama ni kuuliza tu, "Je, hatua hizi tunaziandika kwa mpangilio wa haraka au wa umuhimu?" Ukishasikia sauti yako chumbani, ya pili huwa nyepesi.

Kuna ujanja unaozunguka kwenye simu, kwamba ukijitolea kushika saa au kalamu umepata alama za bure. Matokeo yake nimeona watu watatu wakigombania kalamu moja huku swali halijasomwa. Kalamu ni kazi. Ukiichukua, andika yanayosemwa na wote, hata usiyoyapenda, na uyasome kwa sauti katikati ili kikundi kijue kilipofika. Ukiichukua ili uonekane umeichukua, utaonekana hivyo hivyo.

Na kumwalika aliye kimya kuna adabu yake. "Namba 1 mbona husemi kitu?" si mwaliko, ni kumwanika. Muulize jambo ambalo una sababu ya kuamini analijua, na akisita, msaidie kwa kusogeza mbele, usimkodolee macho.

Watu huniuliza juu ya aina nyingine ya mahojiano, ambapo swali moja linazunguka kwa kila mtu na wewe uko wa saba. Jibu lako limeshachukuliwa na wa tatu. Usitafute jibu la ajabu kwa sababu tu ni jipya. Sema unakubaliana na Namba 3, kisha ongeza mfano wako, uliotokea kwako. Wazo linaweza kuwa la watu saba, lakini kilichokutokea wewe hakikumtokea mwingine.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze juu ya mitaa yetu. Vijana hunijia wakasema hawana uzoefu. Nikiwauliza, mmoja ni mweka hazina wa chama cha watu 15. Mwingine huchangisha nauli ya timu ya mpira kila Jumapili, na kila Jumapili nauli hupatikana. Binti mmoja humshikia shangazi yake kibanda pale Burma siku tatu kwa wiki, anajua nani hulipa na nani hukopa. Mwingine alikuwa utingo, amewatuliza abiria kwenye msongamano wa Jogoo Road mvua ikinyesha. Hayo mnayaita kukaa tu?

Andika matatu ya namna hiyo kwenye karatasi, ya kweli. Kulitokea nini, wewe ulifanya nini, likaishaje. Kwa mfano: katika chama chetu mmoja alishindwa kulipa wiki mbili, wengine wakataka afukuzwe, nilikwenda kumwona, nikajua kwamba amepoteza kibarua, nikapendekeza zamu yake isogezwe mwisho, aliendelea kulipa na chama hakikuvunjika. Hiyo ni dakika moja, na mwanajopo anayeisikia ameshapata picha ya mtu anayejua pesa, anayejua watu, na asiyekimbilia kufukuza. Usitie chumvi. Swali la pili la jopo ndilo huchimba, na chumvi huyeyuka hapo.

Kujitambulisha ni sekunde 40 hivi. Tafadhalini, tuache ile ya shule: jina langu ni fulani, mimi ni wa mwisho katika familia ya watoto saba, napenda kutazama sinema na kusikiliza muziki. Wanane wakisema hivyo, sisi tumeshalala. Sema jina, sema ulichofanya kinachohusiana na kazi hii, sema kwa nini umeiomba kazi hii na si nyingine yoyote, kisha nyamaza. Na wakati wenzako wanajitambulisha, andika namba zao na neno moja kwa kila mtu. Namba 4 wetu hakuwa na kipawa chochote, alikuwa na karatasi.

Lugha. Katiba yetu, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni mbili, Kiswahili na Kiingereza. Mwanzoni unaweza kuuliza kwa heshima ikiwa mnaruhusiwa kuchanganya. Wengi watakubali, wakisema Kiingereza tu, huenda kazi yenyewe ni ya kuzungumza na wateja wa ng'ambo, na hilo ni haki yao kulipima. Kiingereza kifupi na sahihi kinatosha. Nimeona watu wakipotea ndani ya sentensi ndefu waliyoianza wenyewe. Sheng imekulia hapa hapa kwetu Eastlands, siwaambii muitupe, lakini mwanajopo huenda amelelewa Kakamega au Kitui, na usipoeleweka hujasema kitu. Na ukimsikia mwenzako akikosea, usitabasamu. Jopo linakutazama wewe wakati yeye ndiye anayesema.

Maandalizi yenyewe hayahitaji pesa nyingi. Soma tangazo la kazi mpaka ujue maneno yanayorudiwa. Kama ni tawi la duka, nenda ulitembelee siku moja kabla, uone foleni zake, uone wafanyakazi wanavyowasemesha wateja. Ukihitaji mahali tulivu pa kusomea, kaunti ina maktaba ya Makadara na ya Kaloleni, ambazo ni matawi ya ile ya McMillan iliyofunguliwa mjini mwaka 1931. Karibu nanyi kabisa, na bado kuna waliokaa Jericho miaka kumi bila kuingia.

Kisha tafuta watu sita. Hili hamuwezi kulifanya peke yenu mbele ya kioo. Wanne wajadili, wawili wakae pembeni na karatasi, simu moja irekodi. Dakika 15, swali lolote la mtaa: tumepewa shilingi 50,000, tutengeneze taa, mtaro au uwanja? Mkimaliza sikilizeni mlichorekodi. Utashtuka kusikia mara ngapi umemkatiza mwenzako. Badilishaneni nafasi; anayeonja kukaa pembeni mara moja huelewa haraka kuliko mimi nikisema mchana kutwa.

Mavazi nitayapita haraka. Shati safi la Gikomba lililopigwa pasi latosha, viatu vilivyofutwa. Usikope suti. Ondoka mapema, Jogoo Road mnaijua; walio karibu na stesheni ya Makadara au Donholm waangalie saa za treni usiku uliotangulia. Ujue pia kwamba mahojiano huanzia langoni. Ulivyomsalimia askari, ulivyompisha mwenzako kwenye benchi, ulivyopokea simu kwa kelele, kuna waajiri wanaouliza.

Mwenye ulemavu asisubiri kufika. Piga simu mapema, useme, kwa mfano, kwamba husikii vizuri kwa sikio la kushoto na ungeomba kiti unachoweza kuona midomo ya wote, au kwamba chumba cha ghorofani bila lifti hukifikii. Katika duara la watu wanane wanaoongea kwa kupokezana, kiti kinaweza kuwa tofauti ya kusikia na kutosikia.

Sasa haki zenu, maana adabu isiwafanye kuwa kondoo.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamkataza mwajiri kumbagua anayeomba kazi kwa sababu ya kabila au asili yake ya kijamii, jinsia, dini, lugha, maoni ya kisiasa, ulemavu, ujauzito au hali yake ya HIV, miongoni mwa mengine. Mkisema mmebaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hamkubaguliwa ni wa mwajiri. Nalitaja hili kwa sababu wasichana wameniambia waliulizwa mbele ya wenzao kama ni wajawazito au wanapanga kuzaa lini. Unaweza kujibu kwa upole, "Ningependa kujibu maswali yanayohusu uwezo wangu wa kufanya kazi hii." Na wewe uliyekaa kando yake, usicheke.

Kuna pia lile swali, "Unatoka Dandora?", linaloulizwa kwa jicho fulani. Jibu ndiyo, kisha ueleze utafikaje kazini kwa wakati kila siku. Hofu yao ya haki ni hiyo ya kuchelewa. Kama wana nyingine, si ya kubebwa na wewe.

Vyeti navyo. Kuna mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022: mwajiri hapaswi kukudai vyeti vya kuidhinishwa, kama kile cha polisi cha tabia njema, isipokuwa ana nia ya kuandikiana nawe mkataba. Cheti hicho kwenye eCitizen ni zaidi ya shilingi elfu moja, na kijana akiambatanisha vyote na kila ombi, pesa ya mwezi imekwisha kabla hajaitwa popote. Nendeni na kitambulisho, vyeti vya shule na wasifu-kazi wenu. Vingine wakishakupa kazi.

Na kuna wezi. Wanawaita watu hamsini katika jumba fulani, wanawaweka vikundi vikundi, wanawauliza maswali mazuri kabisa, halafu mwisho wanasema wote mmepita, lipeni shilingi elfu mbili za mafunzo, au za sare, au za daktari wao. Kwa jinsi yanavyopangwa, mahojiano ya kikundi ndiyo wanayoyapenda, kwa sababu mkiona wenzenu wanalipa nanyi mnalipa. Ukiombwa pesa ili upate kazi, ondoka, na uwaambie walio kando yako kwa sauti kwa nini unaondoka.

Kwa kazi za kaunti sheria iko wazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka nafasi zitangazwe ili ziwafikie watu wengi iwezekanavyo, hasa wale waliokuwa wakiachwa nyuma. Hakuna nafasi ya kuuzwa. Anayekuuzia anavunja Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, na wewe unayenunua unaivunja pia. Peleka habari kwa EACC badala ya kupeleka pesa.

Nikimaliza na yanayofuata baada ya mahojiano: kabla hamjatoka, mmoja wenu aulize matokeo yatatoka lini na kwa njia gani. Wasipopiga simu siku hiyo, subiri siku mbili tatu, kisha uliza kwa ujumbe mfupi wenye adabu. Kampuni binafsi zinaweza kukaa kimya, ndivyo zilivyo. Kwa ofisi ya umma ni tofauti. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na lijibiwe ndani ya siku 21. Unaweza kuomba kujua ulipata alama ngapi na wapi ulipungukiwa. Wachache sana huuliza.

Sitawadanganya kwamba ukifanya haya yote utapata kazi. Kuna siku nafasi ni mbili na waliofaa ni ishirini, na sisi tunaotia alama tunalala vibaya. Ila kuna mmoja niliyemwona katika vikundi viwili tofauti, miezi minne katikati. Mara ya kwanza alifanya vizuri na hakupata. Mara ya pili, nje kwenye benchi, nilimkuta akiwaeleza wasichana watatu asiowajua jinsi kikundi kinavyokwenda, nani hushika saa, kadi husomwaje. Walikuwa washindani wake wa nusu saa ijayo. Waliingia pamoja, na kikundi kile kilifanya kazi safi kuliko vyote vya siku hiyo. Alichukuliwa, na wawili kati ya wale watatu walichukuliwa.

Maswali nitayapokea baadaye. Kwanza tusogeze viti, mduara mmoja hapa katikati. Nataka wanane, na wanne wawe wale waliokaa kule nyuma kabisa karibu na mlango. Wengine simameni nyuma yao na kalamu, kila mtu achague namba mbili za kutazama na aandike anachoona, si anachofikiri. Kadi ni ile ya shilingi 50,000. Dakika 15. Saa nimeishika mimi, msiigombanie.